Tuiweke Chini Nyundo: Maoni Juu ya Vishikizo vya Zana Vinasavyo Katika Spindeli

Asubuhi ya masika, wakati mawingu ya Uluguru yashukapo hadi kwenye migomba ya Bigwa na barabara iendayo Matombo na Kisaki ikawa utelezi mtupu, kila chuma kilicholala wazi hutoka jasho. Ilikuwa asubuhi ya namna hiyo nilipowachukua wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwenda kutazama kazi katika karakana moja, ambayo sitaitaja jina. Nilitaka waione ile mashine ya kuchongea vyuma ambayo mafundi wetu huiita milingi, nao waone jinsi meno ya gia yakatwavyo. Meno ya gia hatukuyaona. Tuliona vijana wanne na nyundo ya kilo tano.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ijumaa jioni kazi ilikuwa ya haraka. Spindeli, yaani ule mhimili uzungukao na kuchukua zana ya kukatia, ilikuwa imepata moto kwa kazi ya mchana kutwa. Fundi akachomoa kishikizo kimoja cha zana, akachukua kingine kilichokuwa dirishani kikipigwa na upepo, akakiingiza, akakikaza kwa spana aliyoirefusha kwa kipande cha bomba, akakata kazi yake, akazima umeme, akaenda zake. Jumatatu kishikizo kilikataa kutoka. Kwa muda wa saa nzima nyundo ile ilishuka juu ya ufito wa kuvutia, yaani ule ufito mrefu upitao katikati ya spindeli na kukivuta kishikizo kikae mahali pake. Mwisho kishikizo kilichomoka kwa kishindo, kikaangukia meza ya mashine, na zana iliyokuwamo ikavunjika. Vijana wakashangilia. Mashine ilipowashwa tena, sauti yake ilikuwa ya kinu kisagacho kokoto. Beringi za spindeli zilikuwa zimekwisha kuumia, na kwa habari nilizozipata baadaye mashine ile ilikaa miezi mingi ikingojea beringi kutoka ng'ambo, na vijana waliokuwa wakijifunza kwayo wakamaliza mafunzo yao bila kuigusa tena.

"Mwalimu, mashine hii ni korofi," fundi mkuu aliniambia.

Sikumjibu mbele ya watu. Lakini tulipokuwa tukirudi mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo tangu siku ile limenikaa moyoni: "Mwalimu, kwani yule aliyeibuni hakujua kwamba itanasa?"

Alijua. Alijua sana, na pembe ya mchongoko ule aliichagua kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tuitumiao ndio tusiojua, na kutokujua kwetu si kwa sababu elimu yenyewe ni ngumu. Mada mbili zinazohitajiwa ili kulielewa jambo hili, yaani msuguano na kutanuka kwa vitu kwa joto, zimefundishwa kwa muda mrefu katika fizikia ya kidato cha tatu. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba kishikizo kinachonasa ni somo la darasani lililosahauliwa karakanani, na kwamba kabla mtu hajashika mafuta wala nyundo, hana budi kwanza kuijua pembe ya mchongoko alio nao.

Mchongoko, ambao mafundi huuita tepa, si kitu kigeni kwetu. Ni kabari iliyozungushwa ikawa duara. Mwananchi yeyote aliyewahi kupasua gogo anazifahamu tabia mbili za kabari. Kabari nyembamba ukiipiga huingia na kubaki. Ukitaka kuitoa huna budi kuipiga upande. Kabari nene ukiipiga huingia kidogo kisha hurudi, na pengine humrukia mpigaji. Jembe letu la asili nalo lilitegemea jambo hilo: ncha yake ya nyuma ilichongoka kwa wembamba, ikatiwa katika tundu la mpini, na kila pigo la ardhi lilizidi kuikaza. Mhunzi hakuhitaji msumari wala gundi. Alihitaji pembe iliyo nyembamba ya kutosha.

Je, ni wapi kabari huacha kubaki na kuanza kurudi? Mpaka huo huwekwa na msuguano. Iwapo mwinamo wa upande mmoja wa kabari ni mdogo kuliko kizigeu cha msuguano kati ya nyuso mbili zigusanazo, kabari hubaki. Ukiwa mkubwa kuliko kizigeu hicho, kabari hujiachia. Ni kanuni ile ile ya ubao ulioinamishwa na kipande cha chuma kilichowekwa juu yake, ambayo kila mwalimu wa fizikia ameifundisha mara nyingi mpaka ameichoka.

Sasa tuzitazame pembe zenyewe. Katika karakana zetu kuna koo mbili kubwa za michongoko. Wa kwanza ni ule unaoitwa kwa jina la Stephen Morse wa New Bedford, Marekani, aliyeupata umaarufu katika miaka ya 1860 kwa keekee zake za msokoto. Mchongoko wa Morse hupungua kipenyo kwa karibu milimita 1 katika kila milimita 20 za urefu. Mwinamo wa upande mmoja basi ni 1 kwa 40, yaani 0.025 tu. Hakuna chuma cha karakana ambacho msuguano wake ni mdogo kiasi hicho, hata kikipakwa mafuta. Kwa hiyo mchongoko wa Morse hushika daima. Ndivyo ulivyokusudiwa: keekee huzungushwa kwa mshiko huo, na ili kuutoa, mbunifu ameacha tundu ubavuni mwa spindeli upate kuingiza kabari bapa na kuusukuma nje.

Mashine za milingi za zamani nazo zilitumia michongoko ya ukoo huo mwembamba. Kampuni ya Brown & Sharpe ya Providence, ambayo mashine yake ya milingi ya mwaka 1862 ni mama wa nyingi zilizofuata, ilitumia mchongoko wa 1 kwa 24. Kwa zana ndogo ulifaa. Mashine zilipozidi nguvu, vishikizo vilinasa mno, kwa kuwa mikato mizito huzidi kuisukuma kabari ndani. Katika miaka ya 1920 watengenezaji wa mashine wa Marekani walikubaliana juu ya mchongoko mpya wa 7 kwa 24, ambao baadaye uliingizwa katika viwango vya kimataifa na leo umo katika mashine nyingi za milingi duniani. Tazama namba hizo: kutoka 1 kwa 24 hadi 7 kwa 24, mkali zaidi mara saba. Badiliko hilo lilifanywa ili kishikizo kiachie chenyewe. Na kwa kuwa kishikizo kiachiacho hakiwezi kutegemewa kuizungusha zana kwa msuguano, wabunifu waliongeza vigingi viwili kwenye mdomo wa spindeli viingiavyo katika mifereji ya kishikizo. Vigingi huzungusha, mchongoko kazi yake ni kukiweka kishikizo katikati, ufito hukizuia kisidondoke. Kila kimoja kina kazi yake.

Lakini mchongoko huu unaokusudiwa kuachia umeachiwa nafasi ndogo kuliko tunavyodhani. Mwinamo wa upande mmoja wa 7 kwa 24 ni 7 kwa 48, yaani 0.146. Vitabu vya fizikia hutuambia kwamba chuma juu ya chuma, vyote vikiwa vikavu na vimesafishwa kabisa, kizigeu cha msuguano kinaweza kuzidi 0.5, vikiwa na utando mwembamba wa mafuta, kinaweza kushuka hadi karibu 0.1. Basi 0.146 imesimama juu kidogo tu ya chuma chenye utando. Uso wa chuma ukiharibika, ukakauka au ukashika kutu, kabari iliyobuniwa ili irudi hugeuka kuwa kabari ya kubaki. Mashine haikubadilika. Uso ndio uliobadilika.

Tuweke hesabu kidogo. Kishikizo cha namba 40 hukazwa kwa ufito wenye hesi ya milimita 16. Mtu akivuta spana ya sentimita 25 kwa nguvu ya niutoni 200, ufito huvuta kwa takribani niutoni 15,000. Kizigeu kikiwa 0.1, ufito ukilegezwa kishikizo hakihitaji kusukumwa, huachia. Kizigeu kikiwa 0.2 tu, ili kukitoa patahitajiwa nguvu ya takribani niutoni 2,400, ambayo ni uzito wa mifuko karibu mitano ya saruji. Na yule ndugu yetu aliyeongeza bomba ili spana iwe ndefu mara mbili? Aliongeza mifuko mitano mingine kwa mkono wake mwenyewe. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wataweza kuzithibitisha tarakimu hizi kwa kuzigawa nguvu katika pande mbili, mmoja wa kufuata uso wa kabari na mmoja wa kuukabili.

Ipo pia habari ya joto, na hapa ndipo Ijumaa ile ilipofanya madhara. Mdomo wa spindeli ya namba 40 una kipenyo cha milimita 44.45. Chuma hutanuka kwa kiasi cha sehemu 11 hadi 12 za milioni kwa kila digrii ya Selsiasi. Tuseme spindeli ilikuwa na digrii 50, na kishikizo kilichotoka dirishani digrii 25. Tofauti ya digrii 25 hulifanya tundu la spindeli liwe pana kwa karibu milimita 0.013 kuliko litakavyokuwa baada ya kupoa. Ni kidogo, mtu atasema. Lakini mchongoko hugeuza upana kuwa kina: kishikizo baridi huzama ndani milimita 0.044 zaidi ya mahali pake pa haki, na ufito hukishikilia pale pale. Kisha halijoto za vyuma viwili hulingana. Kishikizo hupata moto na kunenepa, spindeli hupoa na kusinyaa, na tundu humkumbatia mgeni aliyeingia wakati mlango ulikuwa wazi zaidi. Kwa mchongoko wa Morse kiasi hicho hicho cha joto kingekizamisha kishikizo kwa robo nzima ya milimita. Nawaachia wanafunzi swali la kinyume chake: kishikizo cha moto kikitiwa katika spindeli baridi, asubuhi kitakuwaje?

Juu ya kutu, wengi hudhani ni suala la mvua peke yake. Sisi tuishio chini ya Uluguru tunaijua mvua, na ni kweli kwamba unyevu wa masika na jasho la mikono, lenye chumvi, huanza kula chuma kilichong'arishwa kabla hujamaliza wiki. Lakini kuna kutu nyingine ijayo hata kiangazi, katikati ya vumbi la Agosti. Mashine inapokata, kishikizo hutetemeka ndani ya spindeli kwa mwendo mdogo usioonekana. Nyuso mbili husuguana, vijichembe vya chuma hung'oka, hukutana na hewa na kuwa unga wa rangi ya ugoro. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ulikotoka, hivyo huzijaza nyufa ndogo na kukaza kila kitu. Ukichomoa kishikizo ukaona madoa ya namna hiyo, usimlaumu aliyeacha dirisha wazi. Jiulize kama kishikizo kilikaa vizuri, au kilikalia chembe ya chuma kikabaki kikicheza.

Sasa nifikie ugomvi wa siku zote. Nendeni katika karakana yoyote muulize iwapo mchongoko upakwe mafuta. Mtapata makundi mawili yasiyosikilizana. Moja husema: kavu kabisa, mafuta ni haramu. La pili husema: paka, tena paka grisi, isije ikanasa. Nimewasikiliza wazee wa pande zote mbili, na maoni yangu ni kwamba kila upande unasema kweli juu ya mashine aliyojifunzia. Aliyekulia kwenye mashine ya kutoboa, penye Morse, ana haki ya kukataa mafuta, maana mshiko wa msuguano ndio unaoizungusha keekee yake; akiupaka mafuta, keekee itateleza na kuuchubua mchongoko, na ukishachubuka ndipo utakaponasa kweli kweli. Aliyekulia kwenye milingi yenye 7 kwa 24 na vigingi vyake ana haki ya kupenda utando wa mafuta, kwa kuwa kwake mafuta hayamnyang'anyi nguvu ya kuzungusha, nayo huilinda 0.146 yake. Kosa ni kuichukua sheria ya mashine moja na kuihamishia kwenye nyingine bila kuuliza pembe.

Lakini wapenzi wa grisi sikubaliani nao. Grisi nzito hushika vumbi na chembe za chuma kama ulimbo ushikavyo ndege, na tabaka lake halikiachi kishikizo kikae katikati sawasawa. Nisemapo utando nina maana ya tone la mafuta mepesi ya mashine juu ya kitambaa safi, uso upanguswe, kisha upanguswe tena kwa kitambaa kikavu mpaka macho yaone kwamba hakuna kitu. Kinachobaki baada ya hapo kinatosha. Tundu la spindeli lipanguswe vile vile, na ncha ya kidole ipitishwe ndani kutafuta chembe, mashine ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu. Kazi hii haimalizi dakika moja. Nimeona karakana zinunuazo mafuta kwa pipa lakini hazina kitambaa kimoja kisafi; matambara yake yamejaa chembe za chuma hata kupangusa kwayo ni sawa na kupiga msasa.

Wengine hupenda kuacha kishikizo ndani usiku kucha ili, wasemavyo, tundu lisiingie vumbi. Vumbi ni adui, sikatai, lakini dawa yake ni kufunika mdomo wa spindeli kwa kitambaa. Kishikizo kilichokazwa usiku mzima wa masika kimepewa muda, unyevu na mgandamizo, vitu vitatu ambavyo kutu haiombi zaidi yake. Kama kazi iko katikati na hakiwezi kutolewa bila kupoteza vipimo, basi angalau mashine ikipumzika kwa siku mbili kishikizo kitolewe, na vipimo vitafutwe upya Jumatatu. Najua mafundi watanicheka hapa. Kutafuta vipimo upya ni usumbufu wa nusu saa; nimekwisha kusimulia usumbufu wa miezi mingi.

Kishikizo kikiwa tayari kimenasa, yafaa nyundo iwe ya mwisho kufikiriwa, na ikifika zamu yake iwe ndogo na laini, ya shaba au ya risasi. Ufito ulegezwe mizunguko michache tu, hesi zake nyingi zikiwa bado ndani ya kishikizo, ili pigo lisizivunje hesi za mwisho na kishikizo kisimwangukie mtu mkono. Chini pawekwe ubao. Kisha litumiwe joto lile lile lililotudhuru: vitambaa vilivyochovywa katika maji ya moto vizungushiwe nje ya mdomo wa spindeli, na kitambaa cha maji baridi kishikizwe kwenye kishikizo, na papo hapo, kabla joto halijapenya hadi ndani, pigo moja fupi. Mafuta mepesi yaliyochanganywa na ya taa, yakiachwa yapenye usiku kucha, husaidia pale penye kutu. Kuiwasha mashine ufito ukiwa umelegezwa ni jambo lisilofanywa kamwe, hata kwa kujaribu.

Nyundo kubwa huidhuru mashine kwa namna isiyoonekana siku ile. Pigo hupita katika spindeli na kufika kwenye beringi, ambamo vigololi vidogo vimekalia njia yake iliyong'arishwa. Kila kigololi hugusa njia hiyo kwenye doa dogo sana, hivyo mgandamizo wake ni mkubwa mno, na pigo zito huacha kishimo. Tangu hapo kila mzunguko kigololi hupanda na kushuka katika kishimo chake. Huo ndio mngurumo tuliousikia. Kazi itokayo katika mashine hiyo huwa na mawimbi, na hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, awezaye kuyaondoa kwa mkono.

Liko jambo moja ambalo mashine nyingi nzuri zinalo na baadhi ya zetu zimelikosa, nalo si gumu kulitengeneza hapa hapa Morogoro. Ni kofia yenye hesi ifungwayo juu ya spindeli, ikiuzuia ufito usipande. Ukilegeza ufito, bega lake huikuta kofia. Ukiendelea kuzungusha spana, hesi zenyewe hukisukuma kishikizo nje taratibu, pasipo pigo hata moja. Mkono ule ule uliokaza ndio ulegezao. Mfua vyuma mwenye mashine ya kukereza na kipande cha chuma kizuri hataona ugumu kuitengeneza, ilimradi apime hesi za spindeli kwa uangalifu. Nashangaa kwamba tumezoea kuagiza beringi ng'ambo kuliko kukereza kofia nyumbani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini habari hizi ziandikwe kwa walimu na wanafunzi wa sekondari badala ya mafundi. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya historia. Nchi hii imekwisha kujaribu kutengeneza mashine zake: karakana ya Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kule Mang'ula mkoani mwetu humu, iligeuzwa kiwanda cha mitambo na zana, na Moshi kilijengwa kiwanda cha mashine za kuchongea kwa msaada wa Bulgaria. Kwa muda mrefu viwanda hivyo havikuzalisha kama ilivyotarajiwa, na sababu zake ni nyingi, nyingine ni za uchumi mkubwa ambao mimi si mjuzi wake. Lakini kila aliyepita katika karakana za zama zile ataikumbuka mashine iliyokufa kwa kukosa kitu kidogo, na maelezo yake yakiwa yamo kabatini katika lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Fundi alijifunza kwa kutazama mkono wa mgeni. Mgeni alipoondoka, mkono ulikumbukwa, sababu ikasahauliwa.

Sababu ya pili ni ya leo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeuleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Bigwa penyewe tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, cha jamii ya vile vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, kwa hiyo wazo la kuunganisha elimu na kazi ya mikono si geni hapa. Shule ipewapo mashine, aghalabu hupewa moja, nayo hushikwa na mikono arobaini isiyoizoea. Mwalimu wa fizikia aliye mlango wa pili hatakiwi kusema kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Ni yeye mwenye ubao ulioinama na kizigeu cha msuguano.

Mimi nilianza na ubao huo. Tulikata bati nene la chuma, tukaliweka juu ya ubao, tukapima sentimita 48 za ulalo, na kwenye mti wa wima tukatia alama nyekundu kwenye sentimita 7. Mteremko ufikao alama hiyo ndio ubavu wa kishikizo cha milingi. Kipande cha chuma kilichokuwa kimelala nje tangu vuli kiliwekwa juu yake. Tuliuinua ubao hadi alama, tukaipita, tukaipita tena zaidi ya mara mbili, nacho kimekaa tu. Tukakisugua mpaka kutu yote ikatoka, tukakipangusa kwa kitambaa cha mafuta, pamoja na bati lenyewe, tukarudia. Safari hii kiliondoka kabla ya alama. Yule mwanafunzi aliyeniuliza njiani alikitazama kilipoanguka, akasema, "Kumbe mtu yule alituachia nafasi ya kidole kimoja tu."

Mwalimu aliye na mashine shuleni kwake, ambaye hajui ni ya ukoo gani, asingoje kitabu chake kifike. Achukue kishikizo chochote, apime kipenyo cha mchongoko mahali pawili, atoe kidogo katika kikubwa, kisha agawanye kwa urefu ulio kati ya mahali hapo pawili. Akipata karibu 0.05, ana Morse, na kitambaa chake kiwe kikavu. Akipata karibu 0.29, ana saba kwa ishirini na nne. Tone moja la mafuta, kisha apanguse mara mbili. Jibu aliandike kwa rangi kwenye ubavu wa mashine, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwenye nyundo ataliona kwanza.